Vyanzo Vinne na Matundu Matatu

Kigeuzi changu cha sauti kina taa moja ndogo ya kijani. Ikitulia, maana yake kimepokea data ya dijitali inayosomeka, nacho kinaigeuza kuwa umeme wa sauti ambao amplifaya inaweza kuukuza. Ikizimika, hakuna kilichofika. Jioni ninayoizungumzia, taa hiyo haikutulia wala haikuzimika. Ilikuwa ikipepesa, na kwenye spika vilitoka vipande vifupi vya piano vilivyokatwakatwa, kila kipande kikifuatwa na mkwaruzo na kimya.

Dakika chache kabla ya hapo nilikuwa nimechomeka plagi ya njia mbili kwenye tundu la koaksia la kigeuzi, yaani lile la kebo ya waya inayobeba data kwa umeme. Kwenye njia moja niliunganisha deki ya CD, kwenye nyingine kichezeshi kidogo cha muziki wa intaneti. Deki ilikuwa inacheza diski; kichezeshi kilikuwa kimewashwa lakini hakichezi wimbo wowote. Nilitegemea kwamba kimoja kikiwa kimya, kingine kitasikika.

Nikachomoa umeme wa kichezeshi. Piano ikarudi, lakini taa iliendelea kushtuka mara kwa mara, na sauti ikikatika pamoja nayo. Nilipochomoa na kebo yake, mambo yote yakatulia.

Kifaa kisicho na umeme hata chembe kilikuwa bado kinaharibu.

Jambo hilo lilinikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Muziki niliweza kuusikiliza vizuri, kwa kuhamisha kebo kila nilipotaka kubadili chanzo. Kilichonisumbua ni kwamba kosa langu lilionekana kuwa na sababu, nami sikuijua.

## Tundu lililopungua

Hesabu yenyewe ni fupi. Nina vyanzo vinne vya sauti ya dijitali: deki ya CD, runinga, kompyuta na kichezeshi cha intaneti. Kigeuzi kina matundu matatu: la koaksia, la mwanga na la USB. Kompyuta inatoka kwa USB, runinga kwa mwanga peke yake, kichezeshi kwa koaksia peke yake. Deki inaweza kutoka kwa njia zote mbili, koaksia na mwanga, lakini kote inakuta pameshakaliwa.

Ningeweza kununua kigeuzi chenye matundu mengi zaidi, na ninamwelewa kila aliyenishauri hivyo. Lakini hiki nilichonacho nimekizoea, sauti yake naipenda, na sikuona haki kukiacha kwa sababu ya tundu moja. Pia niliogopa kwamba ningenunua kipya bila kujua nilichokosea kwenye cha zamani.

## Mazoea niliyotoka nayo kwenye analojia

Plagi ya njia mbili niliitoa kwenye mazoea. Wengi wetu tumewahi kugawa sauti ya kifaa kimoja kwa vipokea sauti viwili vya masikioni, na ikafanya kazi. Kutokana na hilo nilidhani kwamba njia inayogawanya inaweza pia kuunganisha, kama mlango unaotumika kuingilia na kutokea.

Hata kwenye analojia, yaani sauti inayosafiri kama wimbi la umeme badala ya namba, si kweli. Tokeo la kifaa ni kitu kinachosukuma, na matokeo mawili yakiungwa moja kwa moja husukumana yenyewe kwa yenyewe. Ndiyo maana mikisa, yaani mashine za kuchanganya sauti, huwa na vikinza na saketi za kujumlisha kati ya kila chanzo na njia ya pamoja.

Kwenye koaksia ya dijitali sharti ni kali zaidi. Mfumo unaoitwa S/PDIF, uliopewa jina kutokana na kampuni za Sony na Philips, umepangwa kwa ukinzani wa omu 75 kila mahali: kwenye tokeo, kwenye kebo na kwenye ingizo. Umeme unaosafiri humo ni mdogo, kama nusu volti kutoka bondeni hadi kileleni mwa wimbi. Kichezeshi changu kilichozimwa kilikuwa bado kimening'inia kwenye njia na saketi yake ya tokeo, kikinywa sehemu ya nusu volti hiyo, na kebo yake ikirudisha mwangwi wa umeme kuelekea kigeuzi. Deki ilikuwa inasema kwa nguvu zake za kawaida, na kigeuzi kilikuwa kinasikia nusu ya maneno.

Kwa hiyo fumbo la kifaa kilichozimwa lilifumbuliwa mapema. Nikajiambia kwamba tatizo ni umeme tu, na kwamba nikipata saketi ya kujumlisha iliyotengenezwa vizuri, inayoheshimu zile omu 75, vyanzo viwili vitakaa kwenye tundu moja kwa amani. Niliamini hivyo kwa muda wa wiki mbili, na nilikuwa nimekosea.

## Kimya kinachosema

Shaka ya kwanza ilikuja kupitia runinga. Nilikuwa nimehamisha kebo ya mwanga kwa muda, na ncha yake ilikuwa inaning'inia hewani ikitoa mwanga mwekundu. Njia hii ilibuniwa na Toshiba mwaka 1983, mwaka mmoja baada ya CD kuingia sokoni, na mwanga wake unaonekana kwa macho. Runinga ilikuwa imewekwa kimya kabisa, hakuna kipindi, hakuna muziki wa menyu. Mwanga haukufifia.

Binti yangu, aliyekuwa anashika tochi, akauliza, "Baba, kama haisemi kitu, mbona inawaka?"

Nilitambua kwamba hilo ndilo swali nililopaswa kujiuliza tangu jioni ya kwanza. Kwenye waya wa analojia, kimya ni kutokuwepo kwa wimbi. Kwenye dijitali, kimya ni namba sifuri inayotumwa tena na tena, kwa kasi ileile ambayo muziki wenye kelele zote ungetumwa. Deki ya CD iliyosimamishwa katikati ya wimbo kwa kawaida inaendelea kutuma sifuri mara 44,100 kwa sekunde kwa kila upande wa stereo. Kichezeshi changu, jioni ile, hakikuwa kimenyamaza hata kidogo. Kilikuwa kinazungumza juu ya maneno ya deki kwa kasi ileile na kwa sauti ileile.

Nikaanza kusoma kuhusu kile kinachosafiri ndani ya waya. Kila sampuli, yaani namba moja inayoeleza kimo cha wimbi la sauti kwa nukta moja ya wakati, hufungwa kwenye kifurushi cha biti 32 (biti ni sifuri au moja), ingawa CD inatumia 16 tu kati ya hizo kwa sauti. Kushoto na kulia pamoja ni biti 64, na zikizidishwa kwa 44,100 zinakuwa biti 2,822,400 kila sekunde. Nafasi zinazobaki hubeba taarifa nyingine, ikiwemo alama inayosema kama kilichomo ni sauti ya kawaida au ni kitu kingine. (Alama hiyo itarudi baadaye.)

Lakini kilichonifanya niweke kalamu chini ni jinsi biti zenyewe zinavyoandikwa. Umeme hubadilika mwanzoni mwa kila biti, iwe ni sifuri au moja. Ikiwa ni moja, hubadilika tena katikati. Kwa hiyo hata kama sauti ni sifuri tupu, ndani ya waya kuna mapigo yasiyokoma, na ni kutokana na mapigo hayo kwamba kigeuzi hujua kila sampuli itolewe lini.

Hakuna waya wa pili unaoleta saa. Saa imo ndani ya data yenyewe.

## Kadi ya kuazima

Kusoma ni jambo moja. Kuelewa kulikuja kwa njia ya ajali.

Kufikia hapo nilikuwa nimeshajua kwamba nitahitaji swichi, yaani kisanduku kinachochagua chanzo kimoja na kukiacha kingine nje kabisa. Nilikuwa na wasiwasi kama kisanduku hicho kingeathiri sauti. Rafiki yangu akaniazima kadi ya sauti yenye ingizo la dijitali. Mpango wangu ulikuwa kurekodi deki ikicheza wimbo mmoja, kisha kulinganisha rekodi hiyo na faili lililotolewa kwenye diski ileile kwa kompyuta. Ukipanga mafaili mawili sambamba na kutoa moja kutoka kwa jingine, kinachobaki ni tofauti yake. Kama hayatofautiani, kinachobaki ni sifuri.

Nilianza bila swichi yoyote, ili nipate kipimo cha kulinganishia. Kwa sekunde ya kwanza tofauti ilikuwa sifuri tupu. Kisha likatokea pengo dogo, kama tone, na kuanzia hapo mafaili hayakulingana tena. Nikasogeza moja kwa sampuli moja tu: yakalingana, hadi kwenye pengo lililofuata, takribani sekunde moja mbele. Nikasogeza tena. Yakalingana tena.

Nilikaa mbele ya skrini ile kwa muda mrefu.

Kadi ilikuwa imeachwa kwenye mpangilio wake wa kawaida, ikifuata saa yake ya ndani. Deki ilikuwa inafuata ya kwake. Zote mbili zilikuwa zinadai 44,100 kwa sekunde, na kila moja kwa upande wake haikuwa na kosa la kulaumiwa, kwa maana kristali mbili za kwazi, ambazo ndizo zinazoendesha saa hizo, hazifanani kamwe. Tofauti yake ilikuwa kama sampuli moja kwa sekunde. Saa ya mkononi iliyopishana kiasi hicho na nyingine ingeachana nayo kwa takribani sekunde mbili kwa siku, na hakuna mtu angeirudisha dukani. Lakini kwa data ya sauti, sampuli moja iliyozidi lazima itupwe mahali fulani, na mahali hapo panasikika.

Nilipobadilisha mpangilio ili kadi ifuate saa inayoingia kutoka kwenye deki, mapengo yote yakatoweka. Wimbo mzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, ulikuwa sifuri.

## Fahali wawili

Hapo ndipo ile saketi ya kujumlisha niliyoiota ilipokufa. Wazee walisema fahali wawili hawakai zizi moja, na sijui kama kuna mahali msemo huo unatimia kihalisia kuliko kwenye tundu la koaksia. Hata ningetatua suala la umeme kwa ufundi wa hali ya juu, bado ningekuwa nakipelekea kigeuzi mapigo mawili yasiyolingana na kukiomba kiyafuate yote.

Wafikirie wapiga ngoma wawili walio kwenye vyumba tofauti, kila mmoja akipiga mdundo uleule bila kumsikia mwenzake. Mwanzo utadhani ni mmoja. Baada ya muda wameachana, na hakuna kati yao aliyekosea. Anayetaka kucheza hana budi kumchagua mmoja.

Kuchanganya sauti mbili za dijitali kunawezekana, bila shaka. Studio hufanya hivyo kila siku. Lakini kule ama vifaa vyote hulazimishwa kufuata saa moja ya pamoja, ama kila data inayoingia hukokotolewa upya ili ilingane na saa ya mwenyeji. Ni kazi ya kichakataji, si ya plagi.

Nilipoelewa hivyo nikaiona USB kwa jicho jipya. Vyanzo vyangu vitatu vinaingia kwenye kigeuzi na saa zao mkononi, na kigeuzi kinatii. Kompyuta peke yake, kwa njia ya USB inayoitwa asinkronia, inaacha saa yake mlangoni: kigeuzi ndicho kinachoiambia kompyuta ilete data haraka zaidi au polepole zaidi, kulingana na kristali ya kwake. Nilikuwa nimeyachukulia matundu yale matatu kuwa milango mitatu ya aina moja yenye maumbo tofauti. Kumbe kwenye mawili kigeuzi ni mfuasi, na kwenye moja ni kiongozi.

## Runinga na ile alama

Kabla ya kununua swichi ilibidi nimalizane na runinga, kwa sababu ilikuwa na tabia iliyonitisha zaidi kuliko zote. Vipindi vingine vilisikika vizuri. Vingine vilitoka kama kelele nzito ya mvua kwenye bati, kwa sauti ya juu kabisa, hata nikahofia spika.

Sababu ni kwamba mfumo uleule wa S/PDIF, unaotumika pia kwenye kebo ya mwanga, unaruhusiwa kubeba sauti iliyobanwa ya njia nyingi, kama Dolby Digital, ambayo si sampuli za kuchezwa moja kwa moja bali ni data ya kufunguliwa kwanza. Ile alama niliyoitaja huwekwa ili mpokeaji ajue. Vigeuzi vingine huisoma na kunyamaza. Changu hakijali, kinazichukua namba zilizobanwa na kuzicheza kana kwamba ni muziki.

Dawa yake ilikuwa kwenye menyu ya mipangilio ya sauti ya runinga: kubadilisha tokeo la dijitali kutoka Dolby kwenda PCM, yaani sampuli za kawaida zisizobanwa. Tangu siku hiyo kelele haijarudi. Ninamsihi yeyote anayeunganisha runinga kwenye kigeuzi cha stereo afanye hivyo kabla ya kupandisha sauti.

## Kisanduku

Kwa kuwa deki inaweza kutoka kwa mwanga, niliamua kugawa tundu la mwanga kati yake na runinga, na kukiachia kichezeshi koaksia peke yake. Sababu nyingine ni kwamba kebo ya mwanga haipitishi umeme, hivyo runinga iliyounganishwa na waya wa antena haiwezi kuleta ule mvumo wa chini unaotokana na njia za ardhi kukutana.

Swichi ya kwanza niliyopata ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, isiyotumia umeme. Ndani yake mwanga unaelekezwa tu kutoka tundu moja kwenda jingine. Nilivutiwa na unyofu wake. Kwa deki, iliyo na kebo fupi, ilifanya kazi bila kasoro. Kwa runinga, iliyo na kebo ya mita tano iliyokunjwa nyuma ya kabati, taa ya kijani ilianza kupepesa tena. Mwanga ulikuwa umepungua njiani, ukapungua tena ndani ya swichi, na uliobaki haukutosha. Nilinyoosha mkunjo mkali kwenye kebo na hali ikaboreka, lakini haikupona.

Ya pili inatumia umeme: inaupokea mwanga, inausoma, kisha inatoa mwanga mpya. Niliinunua yenye uwezo wa kujichagulia chanzo, kwa sababu mke wangu alikuwa ameshaniambia waziwazi kwamba hataki kuinama nyuma ya kabati ili asikilize taarifa ya habari. Uwezo huo haukunisaidia. Swichi ya namna hiyo hushikilia chanzo chenye data, na runinga yetu, kama nilivyokwisha kuona kwenye ncha ya kebo, haiachi kuwaka mwekundu hata ikiwa kimya. Deki haikupata zamu. Tumezima uchaguzi wa kiotomatiki, na sasa tunatumia rimoti yenye namba mbili: moja ni runinga, mbili ni deki.

Nilirudia jaribio la kadi nikiwa na kisanduku hicho katikati. Sifuri, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Sifuri hiyo haikumaliza shaka yote. Inathibitisha kwamba namba zilifika salama, lakini haisemi lolote kuhusu kama zilifika kwa mapigo yaliyotulia, na saa inayoyumbayumba inaweza kudhuru sauti hata kama hakuna biti iliyopotea. Ndani ya vigeuzi kuna saketi ya kutuliza mapigo yanayoingia; nilitaka kujua kama yangu inatosha. Nikamwomba binti yangu awe anabadilisha, kwa kufuata matokeo ya kurusha sarafu, kati ya deki iliyounganishwa moja kwa moja na deki iliyopita kwenye kisanduku, nami nikiwa nje ya chumba wakati wa kubadilisha. Mara kumi, wimbo uleule. Nilipatia mara sita. Mtu anayebahatisha angeweza kupata hivyohivyo, na nimekubali kwamba masikio yangu, kwenye chumba hiki na kwa vifaa hivi, hayaoni tofauti.

Yapo mambo yaliyobaki. Kichezeshi na deki haviwi sawa kwa ukubwa wa sauti, na sijapata njia ya kuvilinganisha bila kupunguza namba za kimoja. Nitalishughulikia.

Jana usiku nilikuwa nasikiliza diski ile ya piano ambayo jioni ya kwanza ilitoka vipandevipande. Mke wangu akaingia, akachukua rimoti, akabonyeza moja. Piano ikakatika. Taa ya kijani ikazimika, kwa maana kigeuzi kilikuwa kimeachia mapigo ya deki, 44,100 kwa sekunde, na kilikuwa kinayatafuta ya runinga, 48,000. Kwa kama nusu sekunde chumba kilikuwa kimya kabisa, rilei, ile swichi ndogo inayoendeshwa na umeme, ikagonga ndani ya kisanduku cha kigeuzi, na taa ikawaka tena, ikatulia.